Jezi Zetu Zipo Mkange

Mwaka wa hamsini na tatu timu yetu ya Tufani ilimaliza msimu wa Kombe la Mkonge ikiwa ya nne kati ya timu tano, na watu wa Bagamoyo wakasema tungekuwa wa tano kama ile ya tano isingekosa lori la kuja kutufunga. Nilikuwa nimekaa na sinia langu la vitumbua pembeni ya kiwanja cha Mwanamakuka, mahali pangu pa miaka saba. Nikasikia yote, nikauza vitumbua vyote, nikaenda zangu nyumbani kuwaza msimu ujao.

Mawazo yangu yalikuwa hivi. Kepteni wetu Abdala, ndiye kipa, alikuwa ameitwa na klabu moja ya Dar es Salaam na kutafutiwa kazi bandarini. Aliondoka hata nyasi za masika hazijaota. Kwa hiyo kipa hatuna. Mabeki tunao, wagumu kama mlango wa boma. Katikati tunao. Winga wa kushoto ni kaka yangu Msabaha, na kaka yangu nampenda, lakini mpira ukimfika huwa kama mtu aliyeletewa barua asiyojua kuisoma. Huugeuza hivi, huugeuza vile, mpaka wenyewe wanakuja kuuchukua. Hata hivyo nilijiambia, tukipata kipa tu, mwaka huu watatujua.

Kisha baba akafa.

Baba yangu ni Mwinyimvua, lakini kiwanjani hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Komeo, kwa sababu alikuwa kipa wa Tufani tangu timu ilipoanzishwa hadi goti lilipomkatalia. Baada ya hapo akawa mtunza sanduku. Ndani ya sanduku lile la mbao mlikuwa na jezi kumi nyekundu zenye ukosi mweupe, na sweta moja ya kijani ya kipa, ambayo ilikuwa yake mwenyewe na kila kipa aliyefuata aliivaa kwa kuazimwa. Mimi ndiye niliyezifua tangu nina miaka kumi. Viwiko vya sweta ile nilivitia viraka vya kaniki kwa mkono wangu, na baba alivitazama akasema, "Mize, sasa naweza kuanguka popote." Homa ilimlaza siku nne, akatutoka mwezi wa Rajabu.

Siku ya maziko akaja mtani.

Sisi wa Bagamoyo na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane. Mtani ana haki zake. Anaweza kukutukana baba yako akiwa bado yuko juu ya kitanda cha kuoshea, na wewe usikasirike. Anaweza kuchukua kitu ndani ya nyumba yako mchana kweupe, nawe unakikomboa kwa kuku au kibaba cha mchele, huku unacheka. Na yeye ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi wakati wenye msiba mikono imewalegea.

Mtani wetu alikuwa Bwanausi wa Mkange, aliyekuja mjini kuuza ufuta wake akasikia habari njiani. Jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza kwenye kizingiti.

"Komeo hatoki," alisema. "Miaka kumi na tano amewanyima vijana wangu bao. Leo na mimi namnyima njia."

Watu walicheka machozi yakiwatoka. Bibi yangu Mwaija, mama yake baba, alicheka pia, akamtupia kibaba cha mchele kifuani, Bwanausi akainuka. Kaburi alilichimba yeye, karibu peke yake, na niliona alivyokuwa akijifuta uso mara nyingi kuliko jasho lilivyotaka.

Tuliporudi kutoka makaburini, akaingia ndani akatoka na sanduku la jezi kichwani. "Hili nakwenda nalo Mkange. Mkilitaka, nipeni jogoo."

Bibi alikuwa ameshakwenda uani kumkamata jogoo. Mambo yangeishia hapo. Lakini Msabaha alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mitano, kwenye kambi za reli, akarudi na suruali na ujuzi wa mjini, na ya kwao alikuwa ameyasahau. Akamrukia Bwanausi.

"Weka chini, mwizi wee. Nitakupeleka polisi."

Akamsukuma. Kofia ya Bwanausi ikaanguka matopeni.

Bwanausi aliinama huku sanduku likiwa kichwani bado, akaokota kofia, akaipangusa kwa kiganja. Hakupandisha sauti. "Basi," alisema. "Aliyekasirika hakomboi." Akaenda zake. Bibi alikuwa amesimama mlango wa uani na jogoo kwapani, na wazee wakatazama chini, maana sheria ilikuwa imesemwa na wote waliijua.

Hivyo ndivyo jezi zetu zilivyokwenda Mkange.

Mwanzo wa Shaabani, mwenyekiti wetu Mzee Sadallah aliitisha mkutano barazani kwetu. Sadallah ni mtu wa kopra, mpole, na shemeji yake ndiye mwenyekiti wa Mwambao, timu ya mtaa wa pili. Mama alikuwa ndani amekaa eda, na mimi nilikuwa nimekaa naye nyuma ya mlango, nachambua mchele.

"Ndugu zangu," Sadallah alisema, "sheria ya Kombe la Mkonge mnaijua. Timu isiyoingia kiwanjani Idi Pili na watu kumi na mmoja, wamevaa sare, inafutwa. Sisi jezi hatuna. Kipa hatuna. Komeo, Mungu amrehemu, hatuna. Mwambao wako tayari kutupa nafasi nne kwenye timu yao. Si aibu. Mto mdogo huingia mkubwa."

Mtu akasema tushone jezi nyingine.

"Kwa Shaabani hii?" alijibu Sadallah. "Mafundi wana nguo za maharusi mpaka miguuni, wakimaliza hizo wanaanza kanzu za Idi. Nani atakushonea jezi kumi?"

Nilisikia kimya kikiingia, kile kimya cha watu wanaotaka mtu mwingine awaamulie. Mkono wangu ulikuwa ndani ya ungo. Nikasema kwa sauti, mlango ukiwa katikati yetu:

"Jezi zetu zipo. Zipo Mkange."

"Nani huyo?"

"Mize. Shikamoo, Mzee Sadallah."

"Marahaba, mwanangu. Jezi zilizo Mkange ni za Mkange."

"Mtu akienda Mkange anakuwa wa Mkange, mzee? Mbona wewe unakwenda kila mavuno ya ufuta na unarudi wetu?"

Walicheka, na Sadallah mwenyewe akacheka, lakini akamaliza kwa kusema: tusubiri mpaka Idi Pili, na jezi zisipoonekana, asubuhi ile ile tunaingia Mwambao. Kila mtu akaitikia. Mama akasema tu, "Mchele umeumwaga." Kweli nilikuwa nimeumwaga.

Usiku ule nilimwendea Bibi Mwaija.

"Bibi, aliyekasirika hakomboi. Haina dawa?"

"Nani alikasirika?"

"Msabaha."

"Je, wewe ulikasirika?"

"Nilikasirika, Bibi. Mpaka leo."

"Wapi?"

"Moyoni."

"Moyoni hakuna shahidi," alisema Bibi. "Wewe mbele za watu hukusema neno. Haki yako ya utani ipo vile vile. Bwanausi anamwoza binti yake Sihaba mwisho wa mwezi huu, kabla ya mfungo. Harusi bila mtani haijakamilika. Tutakwenda. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ukikunja uso mara moja tu, hata kidogo, tutarudi mikono mitupu, na nitakuwa nimeitembeza miguu hii bure."

"Anaolewa na nani?"

"Kijana mmoja wa kulekule. Anaitwa Mgeni."

Nikaacha kusuka ukili wa mkeka. Mgeni nilikuwa namjua. Mwaka uliopita vijana wa Mkange walikuja kucheza nasi mechi ya kirafiki, wakafungwa tatu kwa moja, na watu walirudi makwao wakiwasifu washambuliaji wetu. Mimi nilimtazama kipa wao. Abdala wetu alidaka ili aonekane. Mpira ukija usawa wa tumbo yeye atajirusha. Mgeni hakuruka ila pale panapobidi. Kila mpira ulipofika ulimkuta ameshasimama pale. Mabao matatu yale, mawili yaliwagonga mabeki wake mwenyewe. Baada ya mechi alinunua vitumbua viwili kwangu akala amesimama, akitazama goli tupu, kama mtu anayesoma.

Sikumwambia Bibi nilichokuwa nawaza. Nilisema tu, "Haya, tutakwenda."

Msabaha alitaka kwenda nasi. Nilimwambia, "Wewe ukionekana tu, hata salamu hawatatuitikia." Alitubebea mizigo mpaka mto Kingani, akampitisha Bibi kwenye tope kwa mgongo, akamweka ndani ya mtumbwi polepole. Kisha akasimama pale ukingoni na suruali yake ya mjini imelowa mpaka magotini, akitutazama tunavyovuka.

Mvua ilikuwa ya masika hasa. Tulilala kwa ndugu wa Bibi, tukavuka Wami kesho yake, mimi nikiwa na jogoo kikapuni. Alasiri tukaanza kuona mashamba ya mpunga ya Mkange, mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Katikati ya shamba la kwanza alisimama mtu ameinua mikono. Nilidhani ni mtu kweli. Tulipokaribia nikaona ni mti na fimbo, sanamu ya kutishia ndege, na imevikwa sweta ya kijani.

Viraka vya kaniki vilikuwa kwenye viwiko.

Mkono wa kulia ulikuwa umepauka kwa jua, rangi ya majani makavu. Begani palikuwa na ndege mdogo ametulia, hana habari. Bibi akanishika kifundo cha mkono.

"Cheka," alisema.

"Siwezi."

"Cheka, mwanangu. Anatutazama."

Kweli, Bwanausi alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma. Nikacheka. Cheko la kwanza lilitoka kama kikohozi. La pili likawa cheko.

"Shikamoo, mtani," nilisema. "Naona baba yangu mmemtafutia kazi."

"Marahaba. Nimemtafutia, lakini haiwezi. Ndege wanapita wote."

"Wanapita kwa sababu hawakufundishwa na washambuliaji wa Mkange. Wangefundishwa na nyie, mpunga huu usingeguswa. Wangekuwa wanatua mtoni."

Pembe moja ya mdomo wake ikacheza. Akaitazama sanamu, akanitazama mimi. "Na yule ndugu yako polisi, yuko wapi?"

"Yupo Bagamoyo, mtani. Anajifunza kucheka. Ameanza somo la kwanza."

"Amechelewa sana shule."

"Ndiyo. Lakini anakwenda kila siku."

Bwanausi akamgeukia Bibi, akamwamkia kwa heshima zote, akambebea mzigo. Kuhusu sanduku hakusema neno, nami sikuuliza. Usiku tulilala kwa wanawake wa harusi, tukawasaidia kukuna nazi, na wakati wakiimba nilikuwa namwona baba shambani kwenye mvua, mikono juu. Sikukunja uso.

Kesho yake, nikahi ikasomwa msikitini baada ya alasiri. Desturi ya harusi zetu kila mtu anaijua: bwana harusi akiletwa kwa bibi harusi, mlango wa chumba unakuwa umefungwa na shangazi wamesimama hapo, na haufunguliwi mpaka atoe kitu. Nilisubiri mpaka niliposikia vigelegele vya mbali. Nikaenda nikakaa kwenye kizingiti, nikanyoosha miguu, jogoo mapajani.

"Wewe nani unatuziba?" aliuliza shangazi mmoja.

"Mtani. Mtoto wa Komeo."

Shangazi wakaangaliana, wakaanza kucheka, wakasogea ukutani. Mtani hutangulia.

Mgeni akaja na kanzu mpya na mwavuli, wenzake nyuma, Bwanausi pembeni. Aliponiona akasimama. Nadhani alinikumbuka kwa vitumbua.

"Mtani," Bwanausi alisema, "unataka nini? Sema upesi, mvua hiyo."

"Nataka sanduku la Tufani na kila kilichokuwa ndani."

"Ndugu yako alikasirika. Aliyekasirika hakomboi."

"Yeye hakomboi. Mimi sijakasirika. Kuna mtu hapa ameniona nimekasirika?"

Nikawaangalia wote, mmoja mmoja. Shangazi wakasema hawajaona. Bwanausi akakuna kidevu.

"Jana ulipoona sanamu ya shamba langu, hukukasirika?"

"Nilicheka. Ulinisikia. Nilisikitika kidogo tu kwamba hukumpa baba jembe, akaishia kusimama bure."

Wakaangua kicheko. Bwanausi naye akacheka, safari hii mdomo mzima, na akampungia mkono kijana wake mmoja. Baada ya muda sanduku likaja, na juu yake sweta, imelowa chapachapa. Nikaipakata na maji yake pamoja na jogoo. Sikuondoka.

"Haya inuka," alisema Bwanausi.

"Bado. Kimebaki kimoja."

"Kipi?"

Nikamnyooshea bwana harusi kidole. "Huyu."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka makuti yakatikisika.

"Bwana harusi?" Bwanausi alisema.

"Usiku simtaki, usiku wake ni wa Sihaba. Namtaka Idi Pili mchana, na kila mechi ya Kombe la Mkonge mpaka liishe. Na namtaka mikono tu. Vilivyobaki kaeni navyo."

Wenzake Mgeni walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Lakini Bwanausi alikuwa ameacha. Niliona mshipa wa shingo yake ukisimama. Nilimjua mtu yule, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu yule. Timu ya Mkange aliianzisha yeye, viatu vyao alivinunua yeye, na kipa wake ndiye alikuwa timu.

"Hilo si la utani," alisema taratibu.

"Alipolala baba yangu, ulichukua timu yake. Hilo lilikuwa la utani, nikanyamaza."

"Sanduku si timu."

"Na kipa mmoja si timu, mtani. Au ni timu?"

Akapiga hatua moja mbele. Nilisikia nyuma yangu pumzi za bibi harusi, nyuma ya mlango. Nikamtazama Bwanausi usoni, nikasema polepole ili kila mtu asikie, "Unakasirika?"

Hakuna aliyecheka sasa. Akisema ndiyo, au akinyanyua mkono, mlango ule ni wangu, na harusi ya binti yake italala hapo kizingitini mpaka wazee waitwe. Alisimama hivyo kwa muda wa kumenya yai. Ndipo sauti ya Sihaba ikatoka ndani.

"Baba, mpe. Nimekaa kitako tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi."

Watu wakacheka tena, lakini Bwanausi alikuwa bado ananiangalia. Aliyemaliza kazi ni Mgeni mwenyewe. Alikunja mwavuli wake, akasema bila kumwangalia mtu:

"Baba mkwe, mimi Kombe la Mkonge nalitaka. Tangu mwaka jana nalitaka. Ila hakuna aliyeniomba."

Bwanausi akavuta pumzi ndefu. "Mpaka Kombe liishe," alisema. "Siku moja zaidi, hapana. Na kila mechi nitakuja kuwazomea."

"Karibu sana. Tuna upungufu wa mashabiki."

Nikampa jogoo. "Na huyu ni kwa ajili ya kofia iliyoanguka."

Alimpokea, akampima uzito. "Jogoo ni jogoo. Ya kofia, aje mwenyewe aliyeiangusha."

Nikainuka kizingitini. Sweta ilikuwa imenilowesha mpaka ngozi.

Nyumbani nilifua kila kitu kwa maji ya kisima, mara mbili. Mama aliomba sweta ikae naye chumbani usiku mmoja, nami nikampa, na asubuhi nikakuta tundu la begani limezibwa kwa uzi wa kijani, mishono midogo kama ya mashine. Mkono uliopauka sikuutia rangi. Msabaha alisema tuutie, nikasema uache, waone umetoka wapi.

Kumi la mwisho la mfungo, jua lilipopatikana, nilizianika. Sikuzianika uani. Nilifunga kamba kutoka nguzo ya baraza mpaka mnazi wa barabarani, njia ya kwenda msikitini, jezi kumi nyekundu na moja ya kijani. Mzee Sadallah akapita kwenda kuswali alasiri. Akasimama. Akazihesabu, niliona kidole chake kikitembea.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Zilikwenda kutembea, mzee. Zimerudi."

"Alhamdulillahi." Akatafuta la kuongeza. "Na kipa?"

"Anakuja."

"Nani?"

"Utamwona."

"Mize, mwanangu, sweta haidaki yenyewe."

"Haidaki. Ndiyo maana nimesema anakuja."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Na mimi, ukweli nauandika, tangu siku ile sikulala vizuri. Mvua ilikuwa imerudi bara na mto Kingani ulikuwa umefura. Watu waliokuja kutoka ng'ambo walisema mitumbwi haivuki.

Idi Pili ikafika. Kiwanja cha Mwanamakuka kilijaa kanzu mpya. Mechi ya kwanza ilikuwa sisi na Mwambao, ndivyo karata zilivyoanguka. Vijana wetu tisa walivaa, na wa kumi Msabaha. Sweta ya kijani nilikuwa nimeishika mimi, pembeni ya sinia. Mwamuzi alitoka katikati, akatazama upande wetu, akahesabu.

"Kumi," alisema. "Wa kumi na moja yuko wapi?"

"Njiani," nilisema.

Sadallah alikuwa nyuma yangu, ana karatasi mkononi. Majina manne yalikuwa yameshaandikwa, niliyaona. "Mwanangu," alisema kwa upole wake ule, "tusijiaibishe. Niwaendee Mwambao sasa, kabla hajapuliza."

"Hajapuliza bado, mzee."

"Atapuliza."

"Akipuliza nitaivaa mwenyewe."

Alidhani nafanya mzaha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitafuta shingo ya sweta.

Ndipo tukasikia sauti kabla ya kumwona mtu. "Hii ndiyo timu? Hii? Mbona Mkange nyani wanajipanga vizuri zaidi?" Watu wakageuka. Bwanausi alikuwa anapasua katikati ya kanzu za Idi, matope mpaka kiunoni, na nyuma yake Mgeni, amelowa mpaka kifuani, viatu shingoni. Walikuwa wamevuka Kingani kwa kushika kamba.

Mgeni hakusalimu. Alinyoosha mikono, nikamvisha sweta. Ilimtosha. Mwamuzi akahesabu kumi na mmoja, akapuliza.

Nasema kama ilivyokuwa. Tulifungwa mbili kwa moja. Mgeni alizuia mashuti sita, niliyahesabu, mawili hayakuzuilika. Msabaha alibaki na goli tupu dakika za mwisho, mpira mguuni, akaugeuza hivi, akaugeuza vile, mpaka wakauchukua. Kipenga cha mwisho kilipolia, Mwambao waliimba, na Sadallah alikuja karibu yangu karatasi yake ikiwa imekunjwa ndogo.

"Umeona?" aliniambia, si kwa ubaya.

"Nimeona, mzee. Tumefungwa. Timu isiyokuwepo haifungwi."

Msabaha alitoka kiwanjani moja kwa moja mpaka kwa Bwanausi. Alisimama mbele yake na jasho lake. "Mtani, siku ile nilikosa."

"Hata leo umekosa," alisema Bwanausi. "Goli lilikuwa wazi kama mlango wa msikiti."

Nilimtazama kaka yangu usoni. Midomo ilitetemeka, kisha akacheka. Alikuwa ameshahitimu.

Bwanausi akainama kwenye sinia langu, akachota vitumbua vitatu bila kuuliza, kama haki yake ilivyo, akaanza kula akiwazomea vijana wetu mdomo umejaa. Nilimwacha amalize cha pili. Alipoinama kuchukua kingine, nikamvua kofia, nikaiweka ndani ya sinia, nikaifunika kwa kawa.

"Hii inakombolewa kwa nini?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshawaza jibu tangu kipindi cha kwanza.

"Kwa winga wa kushoto," nilisema. "Na safari hii tusisubiri harusi ya mtu, tuna haraka."